Fonksioni Niliyoiacha Wazi

Kolwezi, Jumapili mchana

Mwadi mwanangu,

Umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako anafunga valizi yako kwa mara ya tatu. Anaifunga, anaizunguka, kisha anaifungua tena kuona kama amesahau kitu. Mimi nimekimbilia jikoni na daftari hili, maana nikikaa naye tutagombana bure. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia mlango. Mara ya pili sikuwa na sababu yoyote.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala namna ya kushika simu ukiwa ndani ya basi. Shangazi yako utakayefikia kwake Lubumbashi atakwambia hayo yote kabla hujavua viatu. Na nakuandikia Kiswahili cha daftari, kile tulichofundishwa na masista, kwa kuwa nikikuambia kwa mdomo, kwa kile chetu cha kila siku, nitacheka mahali pasipofaa na nitaruka yaliyo magumu. Najijua.

Jumatano uliniwekea mashine yako mezani ukaniambia niiangalie ile paketi ya programu iliyokupatia kazi, ile ya kufuatilia dawa kwenye ghala za hospitali. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukisubiri. Nikasoma, nikasema, "Ni muzuri," kisha nikatoka uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Niliona uso wako. Ulifikiri sikuipenda, au kwamba nimekuonea wivu. Ni nzuri kweli, Mwadi. Lakini kila fonksioni uliyoiandika, kila kipande cha programu chenye jina na kazi yake, umeiacha wazi, ile ya kumpa muuguzi jibu lake na zile ndogondogo zinazofanya kazi chini kwa chini, zote kwenye orodha moja, mtu yeyote aziite kwa jina. Niliziona nikaona mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maana nikaenda kwenye nguo.

Unaijua nusu ya kisa hiki. Unajua kwamba mama yako alikuwa fundi wa frigo, majokofu, huko Musonoi, mwanamke pekee katika karakana ya mjomba wake, na kwamba ofisi ya chanjo ilimchukua kutengeneza frigo za zahanati. Unajua kwamba nilijifunza kuandika programu nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye mashine ya ofisi iliyokuwa na herufi mbili zisizobonyezeka, nawe ukikaa pembeni ukinisomea kitabu cha Kifaransa kwa sauti kwa sababu macho yangu yalichoka. Unajua kwamba nilitengeneza paketi niliyoiita Baridi. Nusu nyingine nilikuficha.

Baridi ilikuwa na kazi moja. Ndani ya kila frigo ya chanjo tuliweka kipimajoto kinachojiandikia chenyewe, mchana na usiku. Muuguzi anakiunganisha na kompyuta, Baridi inasoma namba zote, kisha inamwambia kama chanjo zilipata joto kupita kiasi au ziliganda. Kuganda ndiko kubaya zaidi. Chanjo iliyopata joto kali unaweza kuijua kwa alama iliyo kwenye kichupa. Iliyoganda kisha ikayeyuka inafanana na nzima, nayo kwa mtoto haina nguvu tena.

Muuguzi alihitaji fonksioni moja tu, niliyoiita ripoti. Chini yake kulikuwa na nyingine kama kumi na tano za kuisaidia. Mojawapo iliitwa safisha. Hiyo ilipokea namba kutoka kwenye kipimajoto, ikazipanga na kuondoa takataka, halafu ikaikabidhi ripoti namba hizo ziendelee kukaguliwa. Nilijua kwamba ningeweza kuzificha hizo za kusaidia. Kitabu kilisema wazi: katika paketi kuna faili la majina unayowapa watu, na jina usiloliandika humo linabaki ndani, linafanya kazi yake bila mtu wa nje kuliita. Ni mstari mmoja tu wa kufuta. Sikuufuta. Nilitaka wale vijana wenye diploma wafungue Baridi waone kazi yote niliyoifanya, hadi kwenye misumari. Mtu aliyetumia miaka ishirini akiwa na mikono yenye mafuta alitaka kuonekana. Hiyo ndiyo sababu, na sijapata nyingine nzuri zaidi.

Nimeinuka tena. Ni malori ya mgodi yanayopita, vikombe vinagongana kwenye kabati. Baba yako ameniuliza ninaandika nini, nikamwambia orodha ya sokoni.

Kasaji kulikuwa na muuguzi tuliyemwita tata Chinyama, yaani baba Chinyama, kwa heshima. Mwanamume mpole, mrefu, anayeongea kama mtu anayebeba maji asiyetaka yamwagike. Alikuwa na kompyuta kuukuu na umeme wa jua wa kubahatisha. Siku moja alinipigia simu.

"Mama Mwadi, ile ripoti yako iko muzuri, lakini hapa inachelewa sana. Nangojea, nangojea, courant inakatika. Mi nataka paka ma-degré ya kila siku tu, nibandike ku mur, bantu bote bataona."

"Tumikisha paka safisha tu, tata," nikamwambia. "Andika jina yake, weka fichier ya kipimajoto yako, itakupatia ma-degré yote."

"Inaruhusiwa?"

"Ni ya wazi. Tumikisha."

Nilifurahi, Mwadi. Huko mbali, upande wa reli, mtu alikuwa anatumia kipande changu kidogo kwa namna ambayo hata mimi sikuifikiria. Kila asubuhi alichapa karatasi akaibandika ukutani, mistari ya namba, na akina mama waliokuja kupima watoto waliiona. Alinitumia picha. Nilikuonyesha ile picha, labda unaikumbuka.

Mwaka uliofuata nilichoka na malalamiko. Waya wa kipimajoto ukilegea, kinaandika namba ya ajabu, mamia ya digrii chini ya sifuri, na ripoti inapiga kelele kwamba chanjo zimeganda wakati hazijaganda. Nikaibadilisha safisha. Namba zote zilizo chini ya sifuri nilizitoa kwenye orodha ya kwanza, nikaziweka kwenye orodha ya pili, orodha ya mashaka. Kisha ripoti ikawa inasoma orodha zote mbili na kuamua: hii ni waya, hii ni barafu ya kweli. Nilijaribu siku nne, ilifanya kazi vizuri. Nilituma toleo jipya kwenye zahanati zote, nikaenda nyumbani nikapika.

Sikumfikiria tata Chinyama hata dakika moja. Yeye hakuwa anatumia ripoti. Alikuwa anatumia safisha peke yake, na safisha peke yake ilimpa orodha ya kwanza tu.

Ilikuwa miezi ya baridi, unajua Kasaji inavyokuwa asubuhi, nyasi nyeupe. Kidhibiti cha frigo yake kikakwama. Mchana mlango unafunguliwa mara kwa mara, joto linapanda kidogo, naye akichungulia anaona digrii tatu, nne. Usiku frigo inaendelea kuvuta baridi bila kusimama. Kipimajoto kiliandika yote hayo kwa uaminifu. Safisha yangu ikayatoa. Karatasi ya ukutani ikaonyesha digrii mbili, tatu, nne, siku baada ya siku.

Sasa nafika mahali ambapo ningetaka kuinuka tena, lakini nitakaa.

Aliona. Hakuwa mjinga, na mtu akikuambia kwamba watumiaji hawaoni, usikubali. Aliona kwamba mistari ya usiku imepungua. Alinipigia mara mbili. Niliona jina lake kwenye simu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye mkutano, mara ya pili nilikuwa tu sina hamu. Akaniandikia ujumbe: "Mama, liste inakuwa mufupi kwa usiku. Ni kawaida?"

Nami nikamjibu nikiwa nimepanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwa kidole kimoja: "Ni kawaida. Ni version mupya."

Sikumwuliza anatumia nini. Sikumwuliza mistari mingapi imepotea. Nilikuwa fundi wa frigo kwa miaka ishirini, mtu akiniambia frigo inalia usiku, nilikuwa naacha chakula niende. Lakini hii haikuwa frigo, ilikuwa programu yangu, na programu yangu nilishaijaribu siku nne.

Wiki kadhaa baadaye muuguzi mwingine alifika mapema kuliko kawaida akakuta barafu kwenye vichupa. Wakafungua kumbukumbu za kipimajoto. Watoto wote waliochanjwa katika kipindi kile walikuwa wamedungwa maji tu, kwa maana ya kinga. Kifaduro, pepopunda, hayo yote, hawakuwa na ngao yoyote. Na mama zao walikuwa wamekwisha kurudi vijijini wakiamini kwamba wamewakinga.

Chef wetu, mkuu wa ofisi ya chanjo, tata Banza, aliniita. Alikuwa na karatasi ya ukutani mbele yake, imetolewa na gundi yake.

"Mama, hii papier inatoka ku Baridi yako?"

"Inatoka ku kipande ya Baridi," nikasema. "Haikukuwa ya kutumikisha peke yake."

"Basi kosa ni ya naani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Alikuwa ananitazama bila hasira, kalamu mkononi. Ningeweza kusema, nilimwambia mimi atumie, na aliponiuliza nikamjibu ni kawaida. Badala yake nikasema, "Nitaandika rapport."

Niliiandika siku ile ile. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno: "Mtumishi wa Kasaji alitumia sehemu ya ndani ambayo haikukusudiwa kwa watumiaji." Kila neno katika sentensi ile lilikuwa sahihi, Mwadi. Safisha ilikuwa ya ndani. Haikukusudiwa. Ila mimi ndiye niliyeiacha kwenye orodha ya nje, nikampa jina lake, nikamwambia inaruhusiwa. Nilijificha nyuma ya kitu ambacho sikuwa nimekificha.

Tata Chinyama aliondolewa kwenye chanjo. Wakamweka kwenye meza ya kupokea wagonjwa, kuandika majina. Nami, ili nionekane nimefanya jambo, nikaufuta ule mstari. Safisha ikatoweka kwenye orodha ya nje, nikatuma toleo jingine, nikasema sasa haiwezi kutokea tena. Hapo napo nilikosea, maana zahanati mbili nyingine zilikuwa zimeiga karatasi ya Chinyama bila mimi kujua. Walipoamka asubuhi karatasi zao hazikutoka kabisa. Mmoja wao alinipigia akiniuliza kwa upole amekosa nini.

Ndizo siku zile ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuja mezani ukasema mwalimu amewaambia wasimulie kazi ya mzazi, na kwamba wewe utasimulia Baridi. Ulikuwa umechora frigo kwa kalamu ya buluu. Nikakuambia, "Usitaje ile kintu mu nyumba yangu," nikasukuma sahani. Ukaenda ukasimulia kazi ya baba yako badala yangu. Sikukueleza siku ile, wala baadaye, na wewe hukuuliza tena jambo lolote la Baridi mpaka ulipokuwa mkubwa. Nisamehe. Hukuwa umekosa lolote.

Nilikaa kimya karibu mwezi mzima. Nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja. Naanza kufagia naacha, naenda kisimani narudi bila maji. Baba yako alifikiri ni ugonjwa. Halafu siku moja nikapanda pikipiki ya Kasaji bila kumuaga mtu ofisini. Siku nzima ya vumbi na sehemu ya siku ya pili. Njiani nilitunga hotuba nzuri sana.

Nilimkuta tata Chinyama uani kwake, baiskeli imegeuzwa juu chini, anabandika kiraka kwenye mpira. Mke wake akaniletea kiti. Yeye akafuta mikono, akanisalimu, akaniuliza habari za safari, habari za baba Mwadi, habari zako. Hotuba yote ilipotea.

"Tata," nikasema, "ile kosa haiko yako. Ni mi nilikuambia utumikishe safisha. Kisha uliniuliza, mi nikakujibu ni kawaida."

"Najua," akasema.

"Message yangu uko nayo?"

Akatoa simu mfukoni, akaitafuta, akanionyesha. Yote yalikuwepo, swali lake na jibu langu, siku na saa.

"Juu ya nini haukubaonyesha?"

Akalizungusha gurudumu kidogo kwa kidole, akalisikiliza.

"Nilifikiri utasema we mwenyewe," akasema. "Nilingoja wiki moja. Kisha wiki ya pili. Kisha nikaanza kuona haya juu yako, na ile haya ikanifunga kinywa."

Mke wake alileta bukari, ugali wetu, na samaki, wakaninawisha mikono, nikala tonge mbili. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningelia, na nikishalia ningeondoka nimejisikia nafuu. Hakunipa hilo. Alikula chakula chake chote, polepole, kisha akasema, "Sasa, batoto. Ni batoto njo ya kwanza. Hii ya mi na we, tutaangalia nyuma ya hapo."

Nikaandika barua kwa tata Banza pale pale, kwenye ukurasa wa daftari la kupokea wagonjwa, nikaweka ndani yake ule ujumbe neno kwa neno. Jibu lilikuja baada ya siku chache: Chinyama arudishwe kwenye chanjo, mimi niache programu nirudi kwenye bisibisi na gesi. Nilirekebisha frigo tu kwa muda mrefu baada ya hapo. Hukujua kwa nini nilianza tena kurudi nyumbani na mafuta kwenye mikono. Ulifikiri ni kwa sababu napenda. Nilipenda pia, kidogo.

Kabla ya kuikabidhi Baridi, waliniruhusu toleo moja la mwisho, na hilo tulilitengeneza wawili, mimi Kolwezi, yeye kwenye simu Kasaji. Jina la safisha nililirudisha nje, likifanya kazi kama zamani, bila kuficha namba hata moja, ila ukiliita linakuandikia kwanza kwamba linaondoka karibuni na kukuelekeza kwenye jipya litakalochukua nafasi yake. Ile kazi mpya ya kutenga mashaka nikaipa jina lingine, nikaifungia ndani kabisa, bila ukurasa wa maelezo kwa watu wa nje, bali na maelezo marefu kwa yule atakayefungua msimbo baada yangu. Na tukatengeneza fonksioni fupi, nyepesi, ya kutoa karatasi ya ukutani tu. Yeye ndiye aliyeipa jina: ukuta. Kila nilipomsomea jina la fonksioni, aliuliza swali moja: "Hii ni ya bantu ao ni yako?" Nikijibu ni yangu, alisema, "Basi funga." Nikijibu ni ya watu, alisema, "Basi hautaibadilisha bila kutuambia." Hajasoma programu siku hata moja katika maisha yake, na sijakutana na mwalimu aliyenieleza vizuri zaidi.

Unaona ninachotaka kukuambia kuhusu paketi yako. Nilikuwa na mashine yako mikononi Jumatano, ulipokwenda kuoga, na ningeweza kuyafuta yale majina mwenyewe. Sikugusa. Huko unakokwenda hawatakuwa na muda wa kukuuliza, watachukua kilicho wazi na kujenga juu yake, na hawatakuwa wamekosea. Yale ya ndani yafunge mapema, kabla mtu hajayashika, upate uhuru wa kuyabomoa siku utakapopata akili zaidi, maana utapata. Kama mtu ameshayashika, usimfungie mlango usoni kama nilivyofanya mimi mara ya pili. Na usifiche kwa sababu unaona haya na kazi yako, wala usiache wazi kwa sababu unataka kusifiwa. Mimi nilitaka kusifiwa. Na mtu akikuandikia kutoka mbali kwamba kuna kitu kimepungua, shuka kwenye pikipiki kwanza ndipo ujibu.

Baba yako ameingia. Ameona si orodha ya sokoni. Amechukua kamba ya valizi akatoka.

Kuna jambo moja bado, na hili hata yeye hajui.

Baada ya ile barua nilibaki Kasaji siku sita. Mimi na tata Chinyama tulizunguka na baiskeli mbili, kijiji kwa kijiji, tukiwa na daftari la majina ya watoto, kuwaita mama zao warudi kuchanjwa upya. Nilisema mwenyewe kila mahali kwamba kosa ni langu. Wengine walinung'unika, wengine walinicheka, bibi mmoja alinipa viazi. Walirudi karibu wote.

Katika kijiji kimoja ng'ambo ya reli, kiitwacho Kamoyo, kulikuwa na mama kijana anatwanga, mtoto mgongoni. Alituacha tuseme hadi mwisho. Mchi haukusimama.

"Mara ya kwanza mulisema ni dawa," akasema. "Leo munasema haikukuwa dawa. Kesho mutasema nini?"

Tata Chinyama alimbembeleza kwa lugha yao, muda mrefu. Mimi nikamwambia, "Mama, sema na mi, unitukane, lakini leta mutoto." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Sikujue," akasema. "Nitakutukana juu ya nini? Mutoto wangu njo huyu, anapumua muzuri. Muende."

Mtoto alikuwa msichana, analala, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake. Tulirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho nyumba ilikuwa imefungwa na majirani wakasema amekwenda shamba la mbali. Tata Chinyama alijaribu tena miezi iliyofuata bila mimi. Hajampata hadi leo.

Kila Jumatatu ripoti za magonjwa zinafika ofisini kwetu kutoka zahanati zote za magharibi. Si kazi yangu kuzisoma, mimi ni wa frigo. Lakini nafika mapema kabla ya wengine, nafungua ukurasa wa kifaduro, natafuta Kamoyo. Nimefanya hivyo tangu ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Yule mtoto sasa ni mkubwa, labda anasoma, labda walihama zamani na ninatafuta kijiji ambacho hayumo. Siwezi kuacha.

Wiki iliyopita jina la Kamoyo halikuwemo. Kesho basi lako litakapokuwa limepita Likasi, mimi nitakuwa mezani, naangalia tena.

Mama yako